Uwiano unasema 30, darasani wako 45

Mzazi akisikia kwamba shule ina mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 30, halafu akachungulia dirishani na kuhesabu 45, hudhani amedanganywa. Mara nyingi hakuna uongo. Chukua shule yenye madarasa saba, mikondo miwili kila darasa, na watoto 45 kila mkondo. Jumla ni mikondo 14 na wanafunzi 630. Walimu wakiwa 21, uwiano ni 30. Lakini mkondo wenye vipindi 40 kwa wiki unataka mtu asimame mbele vipindi vyote 40, na mwalimu hawezi kubeba vyote hivyo kisha apate muda wa kuandaa masomo na kusahihisha madaftari. Vipindi 560 vya shule nzima vikigawanywa kwa walimu 21, kila mmoja anapata karibu 27. Hapo mwalimu mkuu naye amehesabiwa. Akipunguziwa vipindi ili asimamie shule, wenzake ndio watakaovibeba.

Kwa hiyo hesabu ya walimu isianzie kwenye idadi ya watoto. Zidisha mikondo kwa vipindi, ndipo ugawe kwa mzigo wa mwalimu mmoja. Kisha rudia hesabu hiyo somo kwa somo, maana shule yaweza kuwa na walimu wa kutosha kwa jumla na bado ikakwama. Mwalimu pekee wa sayansi akipewa mikondo minane yenye vipindi vitano kila mmoja, wiki yake imejaa: 40. Vipindi vya walimu wa namna hii ndivyo viingie kwenye ratiba kwanza. Wa madarasa ya chini, ambao hukaa na watoto walewale karibu siku nzima, watapangwa mwishoni bila taabu.

Kuhusu madarasa hayo ya chini, kosa la kawaida ni kumpeleka darasa la kwanza yeyote aliyebaki baada ya masomo ya juu kugawiwa. Tungependa iwe kinyume. Asiyejua kusoma hawezi kufuata hesabu za mafumbo wala maarifa ya jamii, na mwalimu wa darasa la tano hana kipindi cha kumrudisha kwenye silabi.

Mikondo nayo isigawanywe kwa alama, wenye nafuu huku na wazito kule. Mkondo wa wazito hukosa wa kuigwa, na mwalimu wake hukata tamaa mapema. Panga majina kuanzia alama za juu, kisha gawa kwa mwendo wa nyoka: wa kwanza A, wa pili B, wa tatu B, wa nne A, na kuendelea hivyo. Baada ya hapo angalia uwiano wa wavulana na wasichana, ukihamisha wachache wenye alama zinazokaribiana.

Kukariri darasa ndiko kunakovuruga mpango kimyakimya. Tuseme kila mwaka wanaandikishwa watoto wapya 90 darasa la kwanza, na mmoja kati ya kila kumi waliomo anabaki. Baada ya miaka michache darasa hilo linatulia kwenye watoto 100, si 90: kumi wa zamani, 90 wapya. Mikondo miwili ya 45 imekuwa ya 50, bila chumba wala mwalimu kuongezwa. Na anayekariri kwa kawaida hufundishwa yaleyale, kwa namna ileile iliyomshinda.

Kabla ya kuamua abaki, fungua daftari la mahudhurio. Aliyekosa wiki sita za muhula ana tatizo la mahudhurio, na mwaka mwingine hautalitibu. Aliyehudhuria lakini hasomi apimwe katikati ya mwaka, herufi, silabi, kisha sentensi, ili ijulikane alikwama wapi wakati bado kuna miezi ya kumsaidia akiwa darasani kwake.