Nguvu za kiume zikipungua: anza na tansio (presha) na sukari

Nitajuaje kama ni ugonjwa au uchovu tu?

Kushindwa mara moja moja, baada ya zamu ya usiku mgodini au pombe nyingi, si ugonjwa. Lakini uume ukishindwa kusimama, au ukilegea katikati ya tendo, na hali ikadumu miezi 3, nenda ukapimwe. Angalia asubuhi pia: ukiamka umesimama vizuri ila unashindwa ukiwa na mke wako, mara nyingi shida ni hofu, madeni au ugomvi wa nyumbani. Usiposimama hata asubuhi, tunashuku mishipa ya damu, neva au homoni.

Sikuja kwa ajili ya tansio. Kwa nini munganga (daktari) ananipima?

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni 3 hadi 4. Sukari, tansio na sigara vikianza kuiharibu, uume hutangulia kuonyesha, pengine miaka kadhaa kabla ya moyo. Sukari ya 126 mg/dl au zaidi kabla ya kula, ikirudia mara 2, ni kisukari. Anayejinunulia vidonge vya nguvu za kiume kwa siri, iwe Katuba au mjini kati Lubumbashi, anajinyima onyo hilo, na jambo hili linatuuma sana.

Sildenafil (Viagra), dawa ya kusaidia uume kusimama, inamezwaje?

Kwa wengi ni mg 50, saa 1 kabla ya tendo, baada ya munganga kukuruhusu. Ukishashiba bukari na nyama ya mafuta, dawa inachelewa. Hapo ndipo watu humeza cha pili wakidhani cha kwanza ni feki. Usifanye hivyo: ni mara 1 tu kwa saa 24. Tena bila hamu haifanyi kazi. Aliyepita miaka 65, au mwenye ini au figo mbovu, huanza na mg 25. Anayetumia dawa za moyo aina ya nitrati, kama trinitrini, asiiguse kabisa: tansio inaweza kuporomoka akafa. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, kimbia hospitali, hata usiku wa manane.

Na mizizi ya kulowekwa kwenye lutuku, pombe kali ya kienyeji?

Haina kipimo, na lutuku yenyewe inalegeza. Unga mwingine wa “asili” huchanganywa sildenafil kimyakimya.

Dawa zangu za tansio ndizo zinanilegeza?

Huenda, atenololi na hidroklorotiazidi hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Usiziache mwenyewe, omba zibadilishwe.

Kuna zoezi?

Lipo. Kaza misuli kama unayezuia mkojo na ushuzi, hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni, bila kubana pumzi wala tumbo. Matokeo huonekana baada ya miezi 3 hivi.