Mamalia wa Paleosini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mamalia walianza dinosaria walipotoweka.

Ukweli: Walikwishaishi nao zaidi ya miaka milioni 100. Repenomamus, mamalia wa China wa miaka kama milioni 125 iliyopita, alikutwa na mifupa ya kinda la dinosaria tumboni. Paleosini (miaka milioni 66 hadi 56 iliyopita) iliwapa nafasi tu.

Dhana: Meno ya dinosaria yakikutwa na ya mamalia wa Paleosini, basi waliishi pamoja.

Ukweli: Kosa hili liliwasumbua hata wataalamu, huko Bug Creek, Montana, Marekani. Mito ya Paleosini ilimega matabaka ya chini yake, ikang'oa meno ya kale na kuyalaza upya kando ya mapya. Jino kukosa mikwaruzo si ushahidi, maana enameli (tabaka la nje la jino) ni ngumu na husafiri mbali bila kulika. Kabla ya kutaja umri, tazama kwanza mchanga wa mto umekata tabaka gani.

Dhana: Mwanzoni walikuwepo aina chache mno.

Ukweli: Mara nyingi tatizo ni chekecheo. Gego la Purgatorius, anayehesabiwa miongoni mwa jamaa wa kale kabisa wa nyani na binadamu, lina urefu wa milimita 2 hivi; ukitembea tu huku ukiangalia chini, hulioni. Udongo hukaushwa kabisa, hulowekwa, kisha huchekechwa majini kwa wavu wa matundu ya nusu milimita. Yanayobaki hukaushwa tena na kuchambuliwa chini ya hadubini. Usipokausha kwanza, mfinyanzi hukaa mabonge na meno hubaki ndani. Ukitumia wavu wa matundu makubwa, wadogo wote huenda na maji, na orodha yako hujaa wanyama wakubwa peke yao.

Dhana: Iliwachukua mamilioni ya miaka kuwa wakubwa.

Ukweli: Corral Bluffs, Colorado, ilibadili hesabu hii mwaka 2019. Mtafiti wa visukuku Tyler Lyson na wenzake waliacha kutafuta mifupa iliyochomoza, wakaanza kupasua mawe ya mviringo yaliyogandamana kuizunguka mifupa. Ndani yake mlikuwa na mafuvu. Miaka 100,000 baada ya janga lililoangamiza dinosaria walikuwepo mamalia wa kilo 6 hivi. Miaka 300,000, Carsioptychus wa kilo 25 hivi. Miaka 700,000, wanyama wa karibu kilo 50. Mimea iliandamana nao: kwanza mikangaga ilitawala, ikafuata michikichi na jamaa zake, kisha jamii ya kunde.

Dhana: Afrika haina mamalia wa Paleosini.

Ukweli: Machimbo ya fosfati ya Ouled Abdoun, Moroko, yametoa Eritherium, jamaa wa tembo wa miaka kama milioni 60 iliyopita. Alielezwa mwaka 2009 kutokana na meno na vipande vya fuvu na taya. Uzito wake: kilo 5 au 6.