Dalali wa mahakama: ni nani, na anaweza kufanya nini nyumbani kwako?

Dalali wa mahakama ni mtu aliyeteuliwa kisheria kukaza hukumu za kesi za madai, yaani kuhakikisha zinatekelezwa. Mahakama ikishaamua kwamba unadaiwa, nawe hukulipa, mdai anarudi kuomba hukumu ikazwe. Ombi likikubaliwa, dalali anapewa hati ya kukamata mali yako, na deni lisipolipwa mali hiyo inauzwa kwa mnada. Mamlaka yake yote yamo kwenye ile hati. Bila hiyo, ni mgeni tu mlangoni kwako.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaobisha hodi kudai madeni Tanzania siku hizi si madalali wa mahakama. Ni vijana waliotumwa na wakopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Wanafika na kirikuu, wanapakia televisheni, sofa na mtungi wa gesi huku watoto wakitazama, na mwenye nyumba anakaa kimya kwa aibu akidhani ndiyo sheria. Siyo sheria. Leseni ya mkopeshaji chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ni leseni ya kukopesha, si ya kuvunja mlango. Hata kama mkataba uliosaini unataja friji kuwa dhamana, haumruhusu mtu kuingia ndani kwako kwa nguvu. Akifanya hivyo, nenda polisi, na umjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba kuona kitambulisho na hati. Isome polepole, usikubali kuharakishwa. Tazama jina la mahakama, namba ya kesi, jina la mdaiwa, kiasi cha deni, sahihi na muhuri. Tazama pia tarehe: hati ya kukaza hukumu huandikwa siku ya mwisho ya kutekelezwa. Piga picha kila ukurasa. Barua yenye nembo ya kampuni, hata ikiwa na muhuri mkubwa kiasi gani, si hati ya mahakama.

Hati ikiwa halali, hali inabadilika, na hapa watu wengi hujidanganya kwamba kufunga mlango kunatosha. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, dalali haruhusiwi kuingia kwenye nyumba ya kuishi kati ya machweo na macheo. Mlango wa nje hawezi kuuvunja, isipokuwa nyumba hiyo inakaliwa na mdaiwa mwenyewe na mdaiwa amekataa kumfungulia. Maana yake, ukiwa wewe ndiye mdaiwa, kugoma mchana hakukusaidii. Akishaingia kihalali, anaweza hata kufungua chumba anachoamini kina mali. Kuficha au kuhamisha mali iliyokwisha kukamatwa kunaweza kukuingiza kwenye kesi ya jinai, ambayo ni nzito kuliko deni lenyewe.

Lakini si kila kitu kinakamatika. Sheria inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mke wake na watoto. Inalinda zana za fundi: cherehani ambayo fundi anaitumia kila siku kupata riziki haichukuliwi. Mkulima analindwa zana zake za kilimo, pamoja na mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona ni za lazima kwa maisha yake. Hata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake haikamatwi katika kukaza hukumu. Nyumba uliyoiweka rehani benki ni habari nyingine kabisa, usichanganye.

Kama kilichoandikwa kwenye orodha ni mali ya mtu mwingine, tuseme pikipiki ya shemeji iliyolala uani, mwenyewe ndiye anayepaswa kwenda mahakamani haraka kuweka pingamizi, akiwa na kadi au risiti, kabla ya mnada. Kubishana na dalali getini hakurudishi kitu. Dai nakala ya orodha ya vilivyochukuliwa, kila kimoja na hali yake.

Mahakama ya mwanzo ina kanuni zake za kukaza hukumu, kwa hiyo kesi yako ikitokea huko, muulize karani wa mahakama hiyo.

Limebaki jambo la malipo, nalo limewaumiza watu wengi waaminifu. Ukimlipa mdai nje ya mahakama, kwa simu au mkononi, malipo hayo lazima mahakama ijulishwe na iyaingize kwenye kumbukumbu. Yasipoingizwa, mahakama inayokaza hukumu haitayatambua, na dalali atakuja kudai kiasi kilekile kana kwamba hujatoa hata shilingi. Lipia mahakamani ukiweza. Ukimlipa mdai moja kwa moja, chukua maandishi yenye sahihi yake, kisha uyapeleke kwenye jalada la kesi wewe mwenyewe, bila kumsubiri yeye.