Zipu na ISO: folda unayoiona si folda

Zipu ni faili moja lililobana mafaili mengine ndani yake; ISO ni faili moja lenye nakala nzima ya CD au DVD. Kauli zilizo kwenye nukuu hapa chini ni dhana potofu kuhusu mafaili hayo, na kila moja inafuatwa na ukweli wake.

"Nikiyaona mafaili ndani ya zipu, yameshatoka."

Hapa ndipo kazi za watu zinapopotelea. Ukibofya zipu kwenye Windows inafunguka kama folda yoyote, lakini unachosoma ni orodha ya vilivyomo; chenyewe bado kimebanwa. Ukifungua ripoti iliyomo, Windows inatoa nakala, inaiweka kwenye folda ya muda, na nakala hiyo ndiyo unayoiandika. Programu nyingine zitakuonya kwamba faili ni la kusoma tu. Nyingine zinakuacha uhifadhi kimya kimya, na kesho ukirudi kwenye zipu unakuta ripoti ya juzi. Programu nyingi nazo hugoma kusakinishwa humo kwa sababu hiyohiyo: limetolewa faili la kusakinishia (setup) peke yake, wenzake linaowahitaji wamebaki ndani. Tafadhali, bofya kitufe cha kulia, chagua Extract All, ndipo uanze kazi.

"Zipu ikigoma kufunguka ina virusi."

Mara nyingi imekatika tu. Zipu huweka orodha yake mwishoni kabisa mwa faili. Bando likiisha upakuaji ukiwa asilimia 95, karibu data yote unayo, ila orodha huna, na kompyuta haijui ianzie wapi. Pakua upya. Tar.gz, aina nyingine ya faili lililobanwa, inayotumika sana kwenye Linux, haina orodha ya pamoja: kila jina limekaa mbele ya faili lake, hivyo ili kuyaona majina yote lazima ifumuliwe tangu mwanzo. Ndiyo maana tar.gz kubwa hufunguka polepole hata kwenye mashine nzuri.

"ISO lazima ichomwe kwenye DVD."

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 unabofya mara mbili tu, na inatokea kama CD iliyotiwa kwenye kompyuta, ikiwa na herufi yake (kama E:). Hakuna kinachonakiliwa, kwa hiyo diski haijai. Kwenye Linux amri ni mount -o loop. Kufuta au kuongeza kitu ndani yake hutaweza. ISO iliyofunguliwa hivyo ni ya kusoma tu. Ukimaliza, bofya kitufe cha kulia, chagua Eject ili kuitoa.

Wapo pia wanaonakili ISO kwenye flashi wakitegemea iwashe kompyuta. Haitawasha, kwa kuwa flashi imebeba faili moja kubwa tu. Tumia programu kama Rufus, inayoiandaa flashi yenyewe iwe ya kuwashia.

"ISO haina hatari, ni CD tu."

Hili linanitisha kuliko yote. Faili linalotoka intaneti Windows hulitia alama ili ikuonye kabla hujalifungua. Kwa miaka mingi alama hiyo haikuyafikia mafaili yaliyomo ndani ya ISO, na wahalifu wakaitumia nafasi hiyo kutuma programu hatari kwa barua pepe. Microsoft ilirekebisha Novemba 2022. Kompyuta isiyosasishwa tangu wakati huo bado iko wazi, na ziko nyingi maofisini. Ankara ikikujia ikiwa ISO, usiibofye. Mpigie simu aliyeituma.