Kabla ya Kumpeleka Mtoto Ufukweni, Uliza Maji

Familia nyingi za Mtwara zikipanga Jumapili ya kwenda Shangani huanza na bajaji, chakula na nani atabaki nyumbani. Swali la maji huja mwisho, au halija kabisa. Sisi wa kliniki ya watoto tungependa liwe la kwanza: leo maji yanajaa saa ngapi?

Mvuvi yeyote atakujibu bila kutazama simu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Bamvua ya pwani hii ina tabia yake: maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Ni saa zilezile mlizopanga kuwa ufukweni.

Mnafika mnakuta bahari imekwenda mbali, mwamba uko wazi, kina mama wanachokoa pweza. Mtoto anapata kidimbwi kinachomfika kwenye vifundo, nanyi mnatandika mkeka karibu naye. Saa ya kwanza maji hurudi kwa upole. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Tena hayaji kwa mbele tu. Hupita kwenye mabonde ya mchanga, yakajaa nyuma yenu kwanza, kati ya mkeka na nchi kavu. Kwa mwenye mtoto wa miaka mitatu, mimi ningechagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haipandi wala kushuka sana.

Halafu kuna hili la macho. Mtoto anayezama hapigi kelele, kwa sababu mdomo uko majini na pumzi hana. Watu wazima kumi wakiwa wamekaa wanapiga soga, kila mmoja anaamini mwenzake anamwangalia. Mteueni mmoja. Familia moja niliyoiona hutumia kofia: aliyeivaa ndiye mwenye mtoto, hashiki simu, hageuzi samaki jikoni, na anakaa mahali ambapo akinyoosha mkono anamgusa. Akichoka anaivua na kumvisha mwingine, huku akisema, "Shangazi, mtoto ni wako sasa." Tyubu ya gari na dumu tupu si ulinzi, upepo huvisukuma, na mtoto huteleza katikati. Kwenye chombo cha kuvuka kwenda Msangamkuu, mvalishe jaketi okozi la kimo chake, si la baba yake.

Akitolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mnapoteza dakika, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo hivyo huku mwingine akipiga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Jua nalo lisidharauliwe, hasa Oktoba na Februari linapopita utosini kabisa. Kuanzia saa nne hadi saa kumi mtoto awe kivulini zaidi ya juani; mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia pana hata kukiwa na mawingu. Aliye chini ya miezi sita hapewi maji wala dafu, ananyonya tu, mara nyingi zaidi.

Na korosho, najua nitaonekana msaliti wa mkoa: punje nzima haifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa akila huku anakimbia. Humkaba. Msagie.

Mtoto aliyezama kidogo akazinduka na kucheka anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Mkiwa mmesharudi nyumbani akaanza kukohoa mfululizo, kupumua haraka au kulegea, msisubiri kuche.