Mrudishieni mtoto pipi zake

Juzi tena. Mama mmoja kanipigia simu analia: binti yake wa darasa la tano kanyang'anywa pipi na pakiti ya glukosi aliyokuwa nayo kwenye begi, kwa kuwa "mgonjwa wa sukari haruhusiwi vitamu." Saa saba mchana mtoto akatetemeka na kulowa jasho. Akaambiwa anajitia mgonjwa akwepe hesabu.

Kliniki yetu ya kisukari imeisikia hadithi hii mpaka naweza kuimalizia mwenyewe.

Walimu wangu, insulini kazi yake ni kushusha sukari, na haisubiri kengele ya chakula. Watoto wetu wengi huchoma ya mchanganyiko, ya haraka na ya taratibu pamoja, alfajiri. Ile sehemu yake ya taratibu hushika kasi mchana, ugali uwe umeiva au kuni zimeloa. Ongeza mchakamchaka, ongeza kuchota maji, sukari ya damu inaanguka chini ya 3.9 (mmol/L) kwenye kipimo. Hapo dawa ni sukari yenyewe. Kivuli hakisaidii, na mzazi atapigiwa baadaye.

Vitabu vinasema gramu 15: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300. Soda ya kawaida! Mwalimu mmoja, kwa huruma kabisa, alikimbilia dukani akaleta isiyo na sukari. Chokoleti nayo iacheni, mafuta yake huichelewesha. Subiri dakika 15, pima. Ikiwa bado iko chini, rudia, kisha mtoto ale.

Kusema kweli hizo 15 ni za mtu mzima. Kwa mtoto ni gramu 0.3 kwa kila kilo, yaani mwenye kilo 30 anahitaji 9 tu. Lakini nani atapiga hesabu hizo mbele ya mtoto anayetetemeka? Nafundisha vijiko viwili kwa mdogo, vitatu kwa mkubwa.

Aliyezimia msimnyweshe chochote. Mlazeni ubavu, hospitali haraka.

Kinachoninyima raha ni stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, zikiisha. Hofu ya mtihani nayo hutetemesha na kutoa jasho, sasa utajuaje? Nasema: ukishuku, mpe. Kwa ushauri wangu huo, kuna mtoto alinyweshwa sukari kumbe yake imepanda, kipimo kinasoma 18. Sikujisikia vizuri, na bado nafundisha hivyo hivyo, maana iliyopanda itavumilia mpaka afike kliniki. Iliyoshuka haimpi mtu nafasi.

Na akiomba ruhusa ya choo mara tano, mpeni. Iliyopanda hukojoza. Wala ugonjwa hakuupata kwa kula pipi. Kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, basi.

Pipi zenyewe, mama anasema, bado zimo kwenye droo ya ofisi ya walimu. Zimepungua mbili.