Maktaba ya sanaa za maonyesho si kabati la tamthilia

Jina la maktaba ya sanaa za maonyesho limeanza kutumika ovyo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Shule ikipata kabati la vitabu vya tamthilia, inaandika mlangoni "Maktaba ya Sanaa za Maonyesho". Kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, akifungua kibanda cha kurushia watu muvi kwenye flashi, naye anasema anaendesha maktaba ya sanaa. Juzi kwenye kikao cha wadau wa utamaduni hapa Iringa, mchangiaji mmoja alisimama akaomba mkoa upate maktaba ya sanaa za maonyesho. Alipoulizwa iwe na nini, akajibu: nakala za kutosha za Ngoswe na Kilio Chetu kwa kidato cha tatu na cha nne. Ombi lake ni la haki, maana vitabu hivyo wanafunzi wanagombania. Lakini alichoomba ni vitabu vya fasihi, na jina alilolitaja ni la kitu kingine.

Maana yenyewe ni fupi. Maktaba ya sanaa za maonyesho ni maktaba maalumu inayokusanya, kupanga na kuwapa wasomaji kumbukumbu za sanaa zinazofanywa na watu mbele ya watu wengine: mchezo wa jukwaani, ngoma, muziki, vichekesho, sarakasi, utambaji wa hadithi. Inaweza kuwa chumba kimoja au jengo zima. Inaweza kuazimisha vitu nje, au ikaruhusu visomwe humo humo tu. Hayo ni mambo ya utaratibu, na hayaleti ubishi.

Ubishi uko kwenye tofauti ya maandishi na onyesho. Tamthilia, na hapa nina maana ya mchezo ulioandikwa, si zile za mfululizo kwenye televisheni, ni maandishi. Mwandishi ameyaandika, mchapishaji ameyachapa, na unaweza kuyasoma kitandani peke yako. Onyesho ni tukio. Linatokea siku fulani, mahali fulani, kwa miili ya watu fulani na mbele ya hadhira fulani, kisha linakwisha. Kusoma tamthilia ukadhani umeuona mchezo ni sawa na kuangalia ramani ya barabara ya Kitonga ukadhani umeshuka mlima.

Hata wakutubi walishayatenga mambo haya mawili zamani. Katika mfumo wa Dewey, ambao maktaba nyingi hupangia vitabu, fasihi iko kwenye mia nane, na fasihi ya Kiswahili inapata namba 896.392. Tamthilia zetu zote zinakaa hapo, jirani na riwaya na mashairi. Jukwaa lenyewe, yaani uongozaji, uigizaji, taa na maleba (mavazi ya waigizaji), liko 792. Uchezaji ngoma uko 793.3, muziki uko 780. Kutoka rafu moja hadi nyingine ni mwendo. Kabati lililojaa 896.392 tupu ni kabati la fasihi, hata kama kila kitabu ndani yake kiliandikwa kichezwe.

Nichukue mfano unaofahamika. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na inazungumzia Majimaji, vita iliyofika mpaka Ungoni na Ubena huku kwetu. Kitabu kipo na kinasomwa. Sasa mwongozaji wa kikundi cha Njombe akitaka kujua waliotangulia walilichezaje tukio la Kinjeketile kupandwa na pepo Hongo, kitabu hakimsaidii. Mwigizaji alikuwa ameelekea wapi? Ngoma ilipigwa nyuma ya pazia au jukwaani? Hadhira ilinyamaza au ilicheka? Maswali hayo yana majibu pale tu ambapo mtu aliyatunza.

Kinachoyatunza kuliko vyote ni nakala ya msimamizi wa jukwaa. Huu ni mswada uleule wa mchezo, lakini kila ukurasa umebandikwa kwenye karatasi pana yenye nafasi tupu pembeni. Nafasi hiyo imejaa penseli. Utaona mshale unaoonyesha mama anaingia kutoka kushoto na kukaa kwenye kinu. Chini yake imeandikwa taa ipungue hapa, na ngoma ianze kabla baba hajamaliza sentensi. Mistari mitatu ya mazungumzo imekatwa, pengine kwa sababu mwigizaji aliishiwa pumzi, pengine kwa sababu watu wa usiku wa kwanza hawakuielewa. Pembeni kuna mchoro mdogo wa jukwaa likionekana kutoka juu, na herufi za kwanza za majina ya waigizaji zimewekwa pale wanaposimama. Mtu mwenye daftari hilo anaweza kuurudisha mchezo jukwaani miaka hamsini baadaye. Mwenye kitabu cha dukani atatunga mchezo mpya, na pengine utakuwa mzuri, ila hautakuwa ule.

Kwa hiyo kitu kinachohesabiwa katika maktaba ya aina hii ni tukio. Maktaba ya kawaida inauliza: kitabu gani, cha nani? Hii inauliza: onyesho gani, lini, wapi, na kikundi gani? Chini ya onyesho hilo ndipo vinapokaa bango, tiketi, kipeperushi chenye majina ya waigizaji, picha, michoro ya maleba, bajeti, barua za kuomba ukumbi, habari iliyotoka gazetini, sauti au video iliyorekodiwa na mahojiano na walioshiriki. Mswada ni kimojawapo tu kati ya hivyo.

Wenzetu waliojenga maktaba hizi walianza na makaratasi ambayo watu wengine waliyaona takataka. Mfaransa Auguste Rondel wa Marseille alikusanya chochote kilichohusu jukwaa, na mwaka 1920 akaipa serikali yake mkusanyiko huo, ambao leo ni moyo wa idara ya sanaa za maonyesho ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. London, Gabrielle Enthoven alihangaika miaka mingi kuomba pawe na mahali pa kuhifadhi historia ya michezo ya jukwaani. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert lilipokubali mwaka 1924, alikabidhi mabango zaidi ya 80,000 ya kutangazia michezo. Fikiria bango: linabandikwa ukutani, mvua inalinyea, mwisho linafungiwa maandazi. Yeye aliona kwamba hilo ndilo linalotaja nani alicheza nafasi gani, usiku upi, kwa kiingilio gani.

Mfano wa Uingereza unaonivutia zaidi ni wa wakaguzi. Mpaka mwaka 1968 mchezo wa jukwaani ulipaswa kupelekwa kwa ofisa wa ikulu ya mfalme ukaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Miswada ya kuanzia 1824 hadi mwaka huo wa 1968 ilibaki, na sasa iko Maktaba ya Uingereza. Mingi haikuchapishwa kamwe. Makaratasi yaliyokusanywa ili kuwabana wasanii ndiyo yanayotuonyesha leo wasanii hao walitaka kusema nini.

New York nako, maktaba ya umma ina tawi zima la sanaa za maonyesho katika Lincoln Center, lililofunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1970 mama mmoja, Betty Corwin, alianzisha humo kazi ya kurekodi michezo ikiwa inachezwa mbele ya watazamaji, kwa makubaliano na vyama vya wasanii. Rekodi hizo zinaangaliwa humo humo maktabani, na msomaji haruhusiwi kuondoka na nakala. Hapa ndipo ninapowajibu wenye vibanda vya muvi. Maktaba inatunza rekodi kwa ajili ya kusomwa na kutafitiwa, na inaheshimu haki ya aliyecheza. Kibanda kinauza nakala. Biashara ni biashara, watu wanakula kwayo, ila isichukue jina la kazi nyingine.

Sasa turudi nyumbani, maana kosa hili linatuumiza zaidi sisi kuliko Wafaransa. Wao wakikosea wakabaki na rafu ya tamthilia peke yake, bado watakuwa na sehemu kubwa ya historia ya jukwaa lao, kwa sababu michezo yao mingi iliandikwa. Sisi tukifanya hivyo tunajifuta. Lizombe ya Wangoni haina mwandishi. Ing'oma ya Wanyakyusa haina mswada. Mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa ukiutafuta kwenye 896.392 hutaukuta, na bado ni onyesho lenye nidhamu kali: wachezaji kwa safu, mavazi yanayofanana, ngoma kubwa, vibuyu vinavyopulizwa vikatoa sauti kama za tarumbeta, na viongozi wenye vyeo vilivyoigwa jeshini. Ngoma hiyo ilizaliwa katika kizazi kilichoona gwaride la askari wa kikoloni wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kikalichukua gwaride na kuligeuza liwe lake. Historia yote hiyo imo kwenye miguu ya wachezaji. Ikirekodiwa vizuri, ikaandikwa manju ni nani, kijiji gani na shughuli gani, inasomeka. Isiporekodiwa inakwenda na wazee wake.

Na baadhi yake imeshakwenda, ingawa haijapotea. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, na miongoni mwa aliowarekodi ni Wahehe wakiimba kwa ligombo. Vijana wengi wa hapa mjini hawajawahi kuliona. Ni ubao mrefu uliochimbwa kidogo katikati, uzi mmoja umepitishwa juu yake ukienda na kurudi mara kadhaa mpaka ukawa nyuzi nyingi, na kibuyu kimefungwa ili kukuza sauti. Mpigaji anauchezea kwa vidole huku anaimba taratibu. Rekodi za Tracey ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Monica na Godfrey Wilson nao waliishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, wakaandika kwa kina jinsi misiba ilivyoendeshwa, ngoma na uchezaji wa wanaume wenye mikuki ukiwemo. Makaratasi yao yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Anayetaka kusoma onyesho la babu yake wa Rungwe anaelekezwa kusini mwa bara.

Hapa nchini, anayetaka kusomea fani hii huelekezwa pwani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ni taasisi za heshima. Lakini tamasha la ngoma za jadi likifanyika Tukuyu, wilayani Rungwe, kumbukumbu zake zinabaki kwenye simu za waliohudhuria, na simu inabadilishwa kila baada ya miaka michache. Rungwe nayo ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi sana nchini, kwa hiyo picha na kaseti zikiachwa kwenye boksi chini ya kitanda huota ukungu. Chumba kikavu chenye rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni kitaokoa vingi kabla hatujaanza kuzungumzia kompyuta.

Kuna wanaoniambia kwamba makumbusho yanatosha. Tuna Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa limetunzwa tangu liliporudishwa mwaka 1954, na tuna Boma la Iringa mjini. Ninayapenda yote mawili. Ila makumbusho yanachagua kitu, yanakiweka kwenye kioo na kukueleza ulichopaswa kuona. Maktaba inakuletea boksi zima mezani, usome mwenyewe na upingane na aliyeliandikia maelezo. Ligombo likiwa kwenye kioo unajua lilivyo. Ukiwa na rekodi, maneno ya wimbo na jina la aliyempokeza mpigaji, unaweza kujifunza kulipiga.

Kwa hiyo mwalimu mwenye kabati la tamthilia na aliite kabati la tamthilia, au maktaba ya fasihi, na ajivunie, kwa sababu shule nyingi hazina hata hilo. Akilitaka lile jina lingine, hahitaji kusubiri jengo. Klabu yake ikicheza mchezo mwisho wa muhula, atafute bahasha kubwa, aandike juu yake jina la mchezo, tarehe, mahali, mwongozaji na kikundi. Ndani aweke nakala iliyochorwa kwa penseli, hata kama imechafuka, orodha ya wanafunzi na nafasi walizocheza, bango, na picha zenye majina nyuma. Video ya simu ihamishiwe kwenye diski kabla mwenye simu hajamaliza shule. Ngoma ikialikwa kutoka kijijini, nayo ipate bahasha yake, jina la manju likiwa juu. Kisha bahasha ziingizwe kwenye rejista ya maktaba kama vitabu vinavyoingizwa, kila moja na namba yake, na mwanafunzi akiomba kuisoma apewe. Baada ya hapo anaweza kubadilisha maandishi ya mlangoni.